Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: wazazi wanapotuhumiana katika shauri la malezi ya mtoto

Maswali haya nimeyapata kwa wazazi wenyewe. Mengi nimeulizwa kwenye korido nje ya chumba cha mahakama, mengine kwa simu usiku, na karibu yote yametoka kwa mtu anayetetemeka, ama kwa hasira ama kwa woga. Kazi yangu ni ustawi wa jamii: nakaa na watoto, nazungumza na wazazi wote wawili, kisha naandika ripoti ambayo hakimu anaisoma kabla ya kuamua. Sheria hutofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo utaratibu wa unakoishi muulize wakili au kituo cha msaada wa kisheria. Hapa naeleza yale yanayojirudia karibu kila mahali.

Mwenzangu ameandika uongo mtupu kwenye hati ya kiapo. Nianzie wapi?

Isome polepole, kalamu mkononi, ukiwa umeshakula na kulala. Nenda aya kwa aya. Pembeni ya kila aya andika mojawapo ya haya: kweli, si kweli, nusu kweli. Utashangaa ni aya ngapi zitaangukia fungu la tatu.

Chukua mfano. Imeandikwa: "Mjibu maombi alimwacha mtoto peke yake nyumbani." Ukweli ni kwamba ulitoka saa 8 mchana ukamwacha na binamu yake wa miaka 19, ukarudi saa 11 jioni. Wengi hujibu, "Huu ni uongo na fitina, hajawahi kunipenda." Jibu hilo halimsaidii hakimu. Andika: "Ni kweli nilitoka siku hiyo kuanzia saa 8 mchana hadi saa 11 jioni. Mtoto alibaki na binamu yake mwenye umri wa miaka 19, ambaye yuko tayari kutoa ushahidi." Umekiri kilicho kweli, umesahihisha kisicho kweli, na umemtaja mtu wa kuulizwa.

Jibu ndani ya muda uliopangwa. Tuhuma isiyojibiwa inaweza kuchukuliwa kwamba umeikubali.

Mahakama inajuaje nani anasema kweli?

Kwa ushahidi, na kwa kipimo cha kesi za madai: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba jambo hili lilitokea kuliko kwamba halikutokea? Kile kipimo cha jinai cha kuthibitisha pasipo kuacha shaka hakitumiki hapa. Aliyeleta tuhuma ndiye mwenye mzigo wa kuithibitisha.

Mwaka 2008 House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, iliamua shauri la familia lililojaa tuhuma nzito na kuweka wazi mambo mawili. Kwanza, kipimo hakipandi eti kwa sababu tuhuma ni ya kutisha. Pili, hakuna nafasi ya "huenda". Jaji Hoffmann alifananisha na namba mbili tu, sifuri na moja: jambo lilitokea, au halikutokea. Ushahidi usipotosha, thamani yake ni sifuri, na hatima ya mtoto haiwezi kujengwa juu ya wingu la shaka lililobaki.

Kwa vitendo, hakimu hutazama vitu vya kawaida sana. Ulimwambia nani kwanza, na lini? Ulichosema kwa daktari kinafanana na ulichosema mahakamani? Je, kuna karatasi iliyoandikwa kabla ya ugomvi kufika mahakamani, mathalani kadi ya hospitali, ujumbe kwa mwalimu, barua ya kazini? Karatasi ya namna hiyo ina uzito, kwa sababu aliyeiandika hakuwa na kesi kichwani.

Hapa naomba niseme jambo linaloniuma. Mtu aliyeteswa kwa miaka mara nyingi husimulia vibaya: anaruka, anachanganya tarehe, analia, anakasirika. Aliyemtesa anaweza kuja ametulia na shati lililopigwa pasi. Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, nilidanganywa na utulivu, na mtoto mmoja akakaa miezi minne mahali ambapo hakupaswa kurudishwa. Tangu hapo sura ya mtu naiweka kando, naenda kwenye tarehe, majeraha na watu walioona.

Tuhuma yangu "haijathibitishwa". Je, maana yake nimetangazwa kuwa mwongo?

Hapana, na hili ndilo linalowachanganya wazazi wengi kuliko yote, hata baadhi ya mawakili.

Kuna matokeo matatu tofauti. Tuhuma inaweza kuthibitishwa. Inaweza kukosa ushahidi wa kutosha. Au inaweza kuthibitishwa kwamba ilitungwa kwa makusudi. La pili na la tatu zimeachana mbali. Jambo linaweza kutokea chumbani, mlango umefungwa, mashahidi hawapo. Mzazi anaweza pia kukosea kwa nia njema: ameona alama mgongoni mwa mtoto, akaogopa, akapeleka taarifa, kumbe mtoto aliteleza kwenye ngazi.

Utafiti wa taifa wa Kanada uliotumia takwimu za mwaka 1998, ukachambuliwa na watafiti Nico Trocmé na Nicholas Bala katika makala ya mwaka 2005, ulionesha kwamba zaidi ya theluthi moja ya taarifa za watoto kutendewa vibaya hazikuthibitishwa, lakini zilizohukumiwa kuwa zimetungwa makusudi zilikuwa asilimia 4 tu. Palipokuwa na mgogoro wa malezi, ziliongezeka hadi asilimia 12. Na tofauti na inavyosemwa vijiweni kwamba akina mama ndio hutunga, kati ya wazazi, waliotunga mara nyingi zaidi walikuwa wale wasioishi na mtoto, na wengi wao walikuwa akina baba. Tuhuma iliyotungwa mara nyingi zaidi ilikuwa ya kumtelekeza mtoto.

Kwa hiyo uongo upo, na migogoro huuongeza. Hata hivyo, anayesema kila tuhuma ya kipindi cha talaka ni ya kutunga hana takwimu za kumwunga mkono. Watu huachana kwa sababu ya ukatili. Si ajabu ukatili ukatajwa wanapoachana.

Nimeambiwa niweke daftari. Niandike nini?

Andika ulichokiona, ulichosikia na muda. Hukumu yako iache nje. Tazama maandishi haya mawili kuhusu jioni ileile.

La kwanza: "Kama kawaida yake amemrudisha mtoto amechelewa, mchafu, ana njaa. Hajali kabisa."

La pili: "Jumapili. Tulikubaliana saa 11 jioni. Amefika saa 12:40. Bukta ya mtoto imelowa, amesema 'nilimwagikiwa na juisi'. Amekula sahani mbili, akalala saa 2 kasoro. Sijaona alama yoyote mwilini."

La kwanza linanieleza hasira yako tu. La pili nalifanyia kazi. Naweza kumuuliza mzazi mwingine kuhusu kuchelewa kule kwa saa moja na dakika 40, na ile sentensi ya mwisho, ambayo haikunufaishi wewe, ndiyo inayonifanya niamini zilizotangulia. Andika siku hiyohiyo. Daftari lililoandikwa lote kwa kalamu moja, mwandiko wa haraka mmoja, wiki moja kabla ya kusikilizwa, hujulikana.

Picha za ujumbe wa WhatsApp zinakubaliwa? Na rekodi za siri?

Ujumbe kwa kawaida hupokewa, lakini toa mazungumzo yote, yakionesha tarehe na namba ya aliyetuma. Ukikata sehemu uliyoanza kutukana wewe ukaacha ile aliyokujibu yeye, upande wa pili watakuja na sehemu iliyokatwa, na baada ya hapo hata ushahidi wako wa kweli utatiliwa shaka. Simu yenyewe itunze, usiibadilishe wala kufuta.

Kurekodi kwa siri ni jambo la kumuuliza wakili kwanza, maana kwingine ni kosa. Kumrekodi mtoto, nakusihi usifanye. Nimesikiliza rekodi nyingi za namna hiyo. Unasikia mzazi akiuliza, mtoto akinyamaza, mzazi akiuliza tena kwa sauti laini zaidi, hadi mtoto akatoa jibu linalotakiwa. Mzazi hudhani ameleta ushahidi dhidi ya mwenzake, kumbe ameleta ushahidi wa anavyomshinikiza mtoto.

Mtoto wangu amesema jambo la kutisha kuhusu mzazi mwenzangu. Nimuulize nini?

Kidogo sana. Msikilize amalize. Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia." Kama unahitaji kujua iwapo yuko hatarini usiku huo, uliza swali moja lililo wazi: "Niambie kilichotokea." Kisha andika maneno yake kama alivyoyatamka, hata kama ni ya kitoto, pamoja na swali lako, na mlikuwa mnafanya nini wakati huo. Kama kuna jeraha au dalili ya udhalilishaji wa kingono, nenda hospitali na toa taarifa kwa wanaohusika siku hiyohiyo.

Usiulize, "Baba alikugusa hapa, si ndiyo?" Swali la namna hiyo limeshabeba jibu. Watafiti wamejaribu mara nyingi na kuona kwamba watoto wadogo, hasa wa umri wa shule ya awali, wakirudiwa maswali yenye jibu ndani yake, baadhi yao huanza kusimulia mambo ambayo hayakutokea, na husimulia kwa undani na kwa kuamini. Mtoto huyo hadanganyi. Kumbukumbu yake imechanganywa na mtu mzima.

Ndiyo maana mahojiano rasmi hufanywa na mtu aliyefunzwa, mara chache iwezekanavyo. Mwongozo unaotumika katika nchi nyingi ulitengenezwa miaka ya 1990 na watafiti wa taasisi ya afya ya mtoto ya serikali ya Marekani, NICHD. Mhojaji huanza kwa kuzungumza na mtoto kuhusu mambo ya kawaida, humwambia kwamba "sijui" ni jibu zuri, kisha humwachia asimulie tangu mwanzo mpaka mwisho. Maswali ya moja kwa moja huja mwishoni, tena kama yanahitajika.

Mtoto mmoja wa miaka sita aliwahi kuniambia kila kitu kwa mpangilio mzuri, kama shairi la shuleni. Nikamuuliza, "Halafu ikawaje?" Akatazama dari, akanijibu, "Hapo nimesahau, ngoja nikamuulize mama." Pengine mama yake alikuwa na hofu ya kweli kabisa. Lakini kwa kumfundisha mtoto, alitufunga sote njia ya kujua.

Mtoto atalazimika kusimama kizimbani na kuchagua kati yetu?

Mara nyingi hapana. Ibara ya 12 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 inampa mtoto anayeweza kuunda maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Anaweza kutoa kupitia afisa kama mimi, kupitia wakili wake, au kwa kuzungumza na hakimu ofisini. Haki ya kusikilizwa haimbebeshi uamuzi. Naomba mtoto wako umwambie hivyo kwa kinywa chako: "Utakalosema litasikilizwa, ila wanaoamua ni watu wazima."

Mtoto anakataa kwenda kwa mzazi mwenzangu, nami natuhumiwa kwamba nimemlisha maneno. Nifanyeje?

Tuhuma hii ni nzito, na ina historia. Mwaka 1985 daktari wa akili wa Marekani, Richard Gardner, alikuja na jina la "ugonjwa" wa mtoto anayemkataa mzazi mmoja kwa sababu ya kuchochewa na mwingine, kwa Kiingereza "parental alienation syndrome". Jina likaenea mahakamani duniani kote. Hata hivyo halikuingizwa kwenye mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa mwaka 2013, na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliondoa neno hilo kwenye faharasa ya orodha yake ya magonjwa. Mwaka 2023 mtaalamu maalumu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, Reem Alsalem, alizitaka nchi kulipiga marufuku katika mashauri ya familia, kwa sababu lilikuwa linageuzwa silaha dhidi ya akina mama waliotaja ukatili.

Hilo halimaanishi kwamba wazazi hawawachochei watoto. Wanawachochea, nimewaona, akina mama na akina baba. Swali linabaki lilelile la ushahidi: nani alisema nini, lini, mtoto akisikia. Mtoto anaweza kukataa kwenda kwa sababu alipigwa huko. Anaweza kukataa kwa sababu huko hakuna rafiki wa kucheza naye, au kwa sababu akirudi hukuta uso wako umenuna. Au mzazi huyo alitoweka miaka mitatu na sasa ni mgeni kwake. Afisa mzuri huuliza yote hayo kabla ya kutumia jina lolote.

Kwa upande wako, kama kuna amri ya kumpeleka, mpeleke, au rudi mahakamani uombe ibadilishwe. Usijitungie amri yako. Na chunga simu: mtoto aliyelala kwenye kochi pembeni yako mara nyingi hajalala.

Kwa nini nimezuiwa kuwa na mtoto peke yangu, wakati hakuna aliyenitia hatiani?

Kwa sababu mahakama haiwezi kujua ukweli siku ya kwanza, na mtoto anahitaji kuwa salama wakati unatafutwa. Amri ya muda si hukumu. Inaweza kuwa ya kumwona mtoto chini ya uangalizi wa mtu wa tatu, kuongea naye kwa simu, au kusimamisha kuonana kwenu kwa muda.

Najua inavyouma kukaa saa mbili na mwanao huku mgeni ameshika kalamu kwenye kiti cha kona. Usiikatae kwa fahari. Hudhuria kila mara, fika kwa wakati, cheza naye, usimuulize habari za nyumbani. Ripoti za vikao hivyo ni ushahidi unaoutengeneza mwenyewe. Na muombe wakili wako apiganie tarehe ya karibu ya kusikilizwa, maana hatari ya amri ya muda ni kurefuka hadi ikageuka mazoea: mtoto wa miaka miwili akikaa mwaka mzima bila mzazi, huo ni nusu ya uhai wake wakati anapoanza kukaa, na mahakama itasita kumhamisha.

Polisi wamefunga jalada. Basi tuhuma imekwisha?

Si lazima. Jinai inataka uthibitisho wa juu zaidi, kwa hiyo mtu anaweza kuachiwa huko na bado mahakama ya familia ikaona jambo lilitokea. Aliyetiwa hatiani kwenye jinai, kwa upande mwingine, hawezi kirahisi kuja kukana upya.

Ananituhumu kwa pombe, dawa za kulevya na maradhi ya akili.

Pombe na dawa hupimika. Nywele hukua takriban sentimita moja kwa mwezi, hivyo kipande cha sentimita tatu huweza kuonesha matumizi ya takriban miezi mitatu, wakati mkojo kwa dawa nyingi huonesha siku chache tu. Kama huna cha kuficha, kubali kupimwa mapema. Kama unacho, anza matibabu na useme.

Maradhi ya akili peke yake si sababu ya kukunyima mtoto. Mzazi mwenye sonona anayehudhuria kliniki na kumeza dawa ananitia wasiwasi mdogo kuliko asiye na ugonjwa wowote anayerusha sahani. Leta barua ya daktari wako.

Hajawahi kunipiga. Alinidhibiti fedha, simu na ndugu zangu. Hilo nalo ni ukatili?

Ndiyo, na sheria za nchi kadhaa sasa zinalitambua. Uingereza na Wales zililifanya kosa la jinai mwaka 2015. Ugumu wake ni kwamba tukio moja moja linaonekana dogo. "Alinipigia simu mara 14 nikiwa sokoni" inachekesha mpaka ujue ni kila siku kwa miaka mitano. Usilete orodha ya matukio 60. Eleza mtindo mzima, kisha chagua matukio machache yanayouonesha, na useme mtoto aliona nini.

Ana mpenzi mpya, au ni maskini. Hivyo ni hoja?

Umaskini si utelekezaji. Mpenzi mpya ni hoja pale tu kuna jambo mahususi kuhusu usalama wa mtoto. Mengine ni wivu, na hakimu anautambua.

Naogopa kukaa naye chumba kimoja. Je, anaweza kunihoji mwenyewe?

Mwambie wakili au karani mapema, kabla ya siku yenyewe. Mahakama nyingi zinaweza kuweka pazia, mlango tofauti wa kuingilia, au ushahidi kwa njia ya video. Katika Uingereza na Wales, sheria ya mwaka 2021 inazuia, katika mazingira kadhaa, anayetuhumiwa kwa ukatili wa nyumbani kumhoji mwenyewe mwathirika katika mashauri ya familia. Kwingine ni hiari ya hakimu, lakini asipoombwa hataamuru.

Nikimchukua mtoto nikavuka naye mpaka?

Kama uko hatarini, kimbilia usalama na uende mahakamani mara moja. Lakini kumhamisha nchi kwa siri ili kushinda shauri hugeuka dhidi yako. Mkataba wa Hague wa mwaka 1980 unataka mtoto aliyehamishwa kinyume cha haki arudishwe alikokuwa akiishi, ili mahakama ya huko iamue. Kuna utetezi wa hatari kubwa kwa mtoto, ibara ya 13, lakini unapimwa kwa ukali. Si kila nchi imejiunga.

Niweke ukweli mtandaoni ili watu wajue?

Usiweke. Mashauri haya kwa kawaida ni ya faragha, unaweza kuadhibiwa, na mtoto wako ataisoma akiwa na miaka 13.

Kuna jambo niliapa ambalo sasa najua si kweli. Nimechelewa?

Hujachelewa kama bado halijasikilizwa. Mwambie wakili leo, kisha mpeleke mahakamani hati nyingine ya kiapo ya kusahihisha. Baba mmoja aliapa kwamba mama wa mtoto hakumpeleka kliniki hata mara moja. Wiki mbili baadaye akaikuta kadi ya mtoto nyuma ya kabati, ina mihuri saba. Angeweza kuichana. Alikuja nayo ofisini kwangu, ameiweka ndani ya bahasha ya kaki, akaniuliza kama atapoteza shauri. Nilimwambia sijui, ila aiwasilishe. Aliiwasilisha. Mama alipopanda kuhojiwa, naye akakiri kwamba safari mbili kati ya zile saba, aliyempeleka mtoto alikuwa bibi mzaa baba. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wawili hao kusema jambo moja linalofanana mbele ya hakimu, na ratiba ya malezi waliyotoka nayo siku ile waliiandika wenyewe, kwenye benchi la korido.